Kurasa Tisini na Saba za Madame Émérence

Watu wengine wakiamka wanauliza watoto wamelalaje. Émérence alikuwa anauliza kwanza simu imelalaje. Alinyoosha mkono kabla hajafungua macho vizuri, akatazama betri, ndipo akapumua. Betri ikiwa imejaa nusu, nyumba ilikuwa na amani. Ikiwa imebaki kidogo, chai ilipikwa haraka haraka, na kila aliyepita mbele yake alikemewa, hata kuku.

"Kama minye ningekuwa telefone," mumewe Godefroid alizoea kusema, "ungeniangalia pia vile."

Godefroid alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kila asubuhi alipanda baiskeli yake kwenda kazini, akawaacha nyumbani na utani huo. Binti yao Jaël, wa miaka kumi na miwili, alisahau mengi, lakini sheria moja hakuisahau: simu ya mama haiguswi.

Tusimcheke bado. Émérence alikuwa na sababu zake.

Alifundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi pale Kikula, mjini Likasi, kusini mwa Kongo. Wanafunzi wake walikuwa hamsini na watatu. Vitabu vya sayansi vilikuwa vitatu, na kimoja hakikuwa na jalada. Sasa mwalimu atafanya nini? Alitafuta kwenye intaneti. Alikaa na simu yake akasoma, akachagua, akasoma tena. Alipata kurasa nzuri: picha za mifupa ya mwili, mchoro wa bwawa la umeme, mazoezi ya hesabu, michezo ya kufundishia Kifaransa. Bidii alikuwa nayo. Hilo hakuna wa kumnyima.

Shida ilikuwa moja tu. Akipata ukurasa mzuri, hakuufunga.

Simu inakubali kuacha ukurasa mmoja wazi na kufungua mwingine. Basi Émérence aliacha wazi wa kwanza, wa pili, wa kumi, wa hamsini. Ilikuwa kama mtu anayeacha vitabu vyote vimefunguliwa mezani, kimoja juu ya kingine, akisema ndiyo kabati yake. Siku ya hadithi yetu, kurasa zilikuwa tisini na saba. Akitaka mmoja, alivuta kwa kidole gumba mpaka kidole kikamuuma. Na moyoni aliamini kwamba simu ikizimika, kurasa zote zitakwenda. Si kweli kila mara, lakini hofu haiulizi maswali. Kwa hiyo umeme ulipokatika, na Kikula umeme unakatika, alikimbilia kibanda cha Ricky, kijana anayechaji na kutengeneza simu karibu na soko.

Mwaka huo hofu yake ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu ya somo la mfano.

Walimu wanalijua jambo hili. Mwalimu mmoja anafundisha darasa lake, na wenzake wote wanakaa nyuma na daftari. Inspekta, yaani mkaguzi wa shule, anakaa nao. Somo likiisha, watoto wanatoka nje. Mwalimu anakaa kwenye kiti mbele ya wenzake, na kila mmoja anataja makosa aliyoyaona. Mwenye kiti hajibu mpaka wote wamalize. Hiyo ndiyo desturi, na kiti hicho ni kigumu.

Mwaka uliopita Émérence alifundisha moyo. Alichora moyo mzuri sana ubaoni, na watoto wakaunakili. Mwishoni inspekta alisema maneno ambayo hakuyasahau: "Madame, leo ulifundisha tableau. Batoto balikuwa banaangalia tu." Yaani alifundisha ubao, si watoto. Walimu wengine walicheka kwa chini chini. Yeye alilia nyumbani.

Sasa zamu yake ilikuwa imerudi. Direkta wa shule, yaani mwalimu mkuu, alimwita ofisini akamwambia wazi: somo hili likiharibika kama lile, darasa la sita atapewa mtu mwingine, kwa sababu mwisho wa mwaka kuna mtihani wa serikali. Émérence alitoka ofisini akaenda moja kwa moja darasani. Watoto wale alipanda nao tangu darasa la nne. Alijua nani haoni vizuri ubaoni, na nani anakuja bila kula. Kunyang'anywa darasa lile miezi minne kabla ya mtihani, hapana, hilo hakutaka hata kulifikiri.

Somo lilikuwa Alhamisi. Kichwa chake kilikuwa mapafu: jinsi mtu anavyovuta pumzi. Hapo Émérence alitabasamu kidogo, maana kati ya kurasa zake tisini na saba kulikuwa na mmoja wa ajabu. Ulionyesha jinsi ya kutengeneza mapafu kwa chupa ya plastiki. Unakata chupa chini. Unatia maputo mawili ndani. Chini unafunga mpira mwembamba. Ukivuta mpira, maputo yanajaa hewa. Ukiuachia, yananywea. Watoto wanaona pumzi kwa macho yao. Alikuwa ameusoma mara moja tu, zamani, na vipimo hakuviandika popote. Kwa nini aandike? Ukurasa ulikuwa wazi.

Kuna jambo lingine lazima niliseme, hata kama halimpendezi.

Mathieu, mwalimu wa darasa la tano, alikuwa amewaomba walimu wote waweke kurasa zao nzuri mahali pamoja kwenye intaneti, ili kila mmoja achukue anachohitaji. Alieleza mbele ya wote siku ya mkutano. Wachache walikubali. Émérence alikataa. Alisema yeye amezitafuta kurasa zake kwa jasho lake. Na kama mtu wa kanisa, akatoa mfano wa wale mabikira kumi: wenye akili hawakuwagawia wajinga mafuta ya taa zao. Walimu walicheka, Mathieu akakaa chini, na Émérence akaona ameshinda.

Jumatatu jioni simu iliganda. Aliigusa, haikusikia. Aliizima na kuiwasha, ikawaka nusu, ikaganda tena. Akaikimbiza kwa Ricky. Ricky aliitazama, akasema imelemewa, itabidi aisafishe kabisa, kila kitu ndani kitafutika. Akamuuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi. Émérence alifikiri haraka. Picha za harusi zilikuwa kwenye kadi, na namba za watu pia. Akasema hakuna, asafishe tu.

Masikini, kurasa zake hazikumjia akilini. Hakuna anayezikumbuka kama vitu. Alizoea tu kwamba zipo.

Saa moja baadaye Ricky alimrudishia simu nyepesi kama mpya. Émérence aliifungua hapo hapo kibandani. Akaingia kwenye intaneti. Palikuwa na ukurasa mmoja, mweupe, mtupu. Akauliza zile tisini na saba ziko wapi. Ricky hakuelewa anaulizwa nini. Alipoeleweshwa alijishika kichwa, akasema pole, lakini kuzirudisha hawezi. Na kosa halikuwa lake. Aliuliza, akajibiwa.

Usiku ule Émérence hakula vizuri. Jumanne, kila alipopata nafasi, alitafuta ukurasa wa chupa. Aliandika maneno haya, akaandika yale. Alipata watu wanaouza chupa. Alipata picha za mapafu ya wagonjwa, akaogopa. Alipata video ndefu ya lugha asiyoijua, ikamaliza mega zake zote za intaneti kabla hata chupa haijakatwa. Alijaribu kuitengeneza kwa kukumbuka, puto likachomoka na chupa ikapasuka. Jaël alimwona mama yake amekaa chini jikoni na chupa iliyopasuka miguuni, akaenda mwenyewe kumwita jirani.

Jirani huyo ni Suzanne. Miaka ishirini alikuwa ametunza maktaba ya parokia, vitabu elfu moja na mia mbili, na hakuna kilichopotea bila yeye kujua kiko kwa nani. Watu wa mtaa walimheshimu, na wenye vitabu vyake walimkwepa. Alikuja na sinia lake la lengalenga, akakaa kwenye kigoda, akaendelea kuchambua mboga huku akisikiliza.

"Ile page ulikuwa unaiwekaka wapi?" aliuliza.

"Haikuwa fasi moya, Yaya Suzanne. Ilikuwa wazi tu."

"Wazi namna gani?"

Émérence akaeleza. Alipofika kwenye hesabu ya tisini na saba, Suzanne aliinama juu ya mboga ili asionekane anacheka. Lakini alipoinua uso aliona machozi ya mwenzake, naye akaacha kucheka, akamweleza habari ya fishi, vile vikadi vidogo vya maktaba.

"Sikia, mudogo wangu. Mu bibliothèque yangu, kitabu iko moya, mais fishi yake iko tatu. Fishi ya mwenye aliandika. Fishi ya jina ya kitabu. Fishi ya ile kitabu inafundisha. Kitabu inabakia pa fasi yake. Weye unatafuta fishi tu, fishi inakupeleka. Sasa weye ulikuwa unabeba bitabu byote ku kichwa, bila fishi hata moya."

Kisha akafuta mikono, akatoa simu yake mfukoni. Alimwonyesha Émérence mahali kwenye intaneti ambapo mtu anaweka alama za kurasa anazozipenda. Akaeleza polepole, kama anavyowaeleza watoto wa parokia.

Ukipata ukurasa mzuri, alisema, huuachi wazi. Unachukua anwani yake, ule mstari wa juu, unaiweka pale. Unaandika maneno machache: ukurasa unafundisha nini, unafaa darasa gani. Halafu unabandika vibandiko. Kibandiko ni neno moja fupi, kama fishi. Ukurasa mmoja unaweza kupata vibandiko vingi: sayansi, darasa la sita, mwili. Baada ya mwaka mzima, unaandika neno moja tu, na kurasa zote za neno hilo zinatokea. Na vitu hivyo havikai ndani ya simu yako. Simu ikizimika, ikiibiwa, ikisafishwa na Ricky mara kumi, unaingia kwa simu nyingine na neno lako la siri, unakuta kila kitu.

"Na kilicho kizuri zaidi," alisema, "si weye peke yako. Bantu bengine pia banaweka byao, na unabiona. Kama hutaki baone kitu fulani, unakifunga, unakiona weye tu."

Émérence aliuinamia ule ukurasa. Alikuwa ameanza kuelewa mahali hapo ni wapi. Akauliza kama hilo ndilo jambo la Mathieu. Suzanne akasema ndiyo. Mathieu alikuja kwake tangu mwanzo kuuliza vibandiko viitweje, kwa sababu mmoja akiandika "mahesabu" na mwingine "hesabu", kurasa zinatawanyika. Walikaa wakapatana maneno. Yeye pia huweka pale hadithi za kusomea watoto.

Basi Émérence akasema yote. Alisema jinsi alivyokataa, na habari ya mabikira kumi, na jinsi watu walivyocheka. Aliona haya, na hakuficha.

Suzanne alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mafuta, ukigawa, inapungua," alisema. "Ile Bible haikudanganya. Mais njia ya kuenda ku kisima, ukionyesha muntu, njia inapungua? Ile page haikuwa ya kwako, Mama Jaël. Weye ulijua njia tu."

Kisha wakatafuta. Suzanne aliandika "mapafu". Hakikutokea kitu. Émérence akashusha pumzi ndefu, akasema basi, atachora ubaoni kama mwaka jana, na direkta afanye anavyotaka. Suzanne akamwambia angoje. Aliyebandika ni mtu mwingine, huenda alifikiri neno lingine. Akaandika "mwili". Kurasa saba zikatokea. Wa kwanza ulihusu meno. Wa pili macho. Walishuka polepole, vichwa vyao viwili vikikaribia kugongana, na Jaël akichungulia katikati.

Ukurasa wa tano ulikuwa na picha ya chupa iliyokatwa, na maputo mawili ndani.

Émérence alishika mkono wa jirani yake. Alisoma maneno yaliyoandikwa chini ya ukurasa, akayasoma tena: "Namna ya kuonyesha pumzi kwa chupa. Darasa la sita. Ukurasa huu tumeupata kwa Madame Émérence."

Ndipo akakumbuka. Mwaka uliopita mama yake mdogo alikufa Kapolowe. Émérence alikwenda kwenye kilio siku tatu, na Mathieu ndiye aliyefundisha darasa lake. Mathieu alimwomba ukurasa wowote juu ya mwili. Yeye, akiwa pale kilioni, alimtumia anwani nne bila hata salamu, ili asisumbuliwe tena. Mathieu alifundisha mifupa tu. Lakini zote nne alizihifadhi, na juu ya kila moja akaandika jina la aliyempa. Katika kurasa tisini na saba, zilizookoka ni zile nne alizogawa. Tatu zilifunguka. Moja ilikuwa imekufa, haikufunguka tena.

Suzanne alimwonyesha hiyo iliyokufa makusudi. Kurasa nazo zinakufa, alimwambia. Mwenye ukurasa anaweza kuuondoa siku yoyote. Kwa hiyo alama peke yake haitoshi. Kitu cha lazima, kiandike pia kwenye daftari la kutayarishia masomo. Na usiweke ukurasa usiousoma mpaka mwisho, maana mwenzako atauamini kwa sababu ya jina lako. Na picha za watoto wa watu usiziweke pale.

Émérence alichukua daftari akanakili vipimo vyote vya chupa kabla giza halijaingia. Alipomaliza alisikia njaa, ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumatano nyumba nzima ilifanya kazi. Jaël alitoa pakiti ya maputo iliyobaki kwenye ubatizo wa binamu yake. Mirija ya kupitishia hewa walitoa kwenye kalamu zilizokwisha wino. Mpira wa chini ndio uliowatesa, kwa sababu puto la tatu lilipasuka likiguswa tu. Godefroid aliporudi kazini aliitazama ile chupa, akaingia nyuma ya nyumba, akatoka na mpira wa ndani wa baiskeli na gundi yake ya kuzibia matundu. Akakata kipande, akakikaza chini ya chupa, akazungusha gundi. Akampa mkewe avute. Maputo yakajaa.

"Kinga yangu pia itafundisha kesho," alisema, akimaanisha baiskeli yake, na alitembea kwa majivuno jioni yote.

Alhamisi ilinyesha asubuhi. Walimu kumi na mmoja walikaa nyuma ya darasa na viatu vya matope, inspekta katikati yao. Émérence alikuwa na chupa sita juu ya meza, moja kwa kila kundi, maana alikaa na Jaël mpaka kuchelewa wakitengeneza nyingine. Kwanza hakuandika neno ubaoni. Aliwaambia watoto waweke mikono kifuani na kuvuta pumzi. Kisha akawapa chupa wavute wenyewe.

Darasa likajaa sauti, lakini sauti ya kazi. Watoto walivuta, wakaachia, wakabishana, wakavuta tena. Mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa na desturi ya kulala alisimama juu ya benchi ili aone vizuri. Kisha Shalom, binti mkimya ambaye baba yake anachimba madini Kakanda, akainua mkono, akionyesha puto.

"Madame, na vumbi je? Ikiingia pale mu balon, inatokea wapi?"

Émérence hakuwa ameandika swali hilo popote. Alilijibu polepole. Alisema vumbi jingi linazuiwa puani, na jingine mtu analikohoa. Lakini lile laini sana linaweza kufika ndani kabisa na kubaki. Ndiyo maana tunanyunyizia maji kabla ya kufagia, na mtu anayefanya kazi kwenye vumbi afunike pua na mdomo, na akikohoa muda mrefu aende hospitali. Shalom aliandika kila neno. Émérence alimwona anaandika, akajua anamwandikia nani.

Watoto wakatoka. Émérence akakaa kwenye kile kiti.

Mwalimu wa darasa la pili alisema tarehe haikuandikwa ubaoni. Mwingine alisema Madame anasema haraka. Mwingine alisema kundi la dirishani lilipiga kelele. Walimu hawakosi la kusema. Mathieu alisema tu kwamba watoto wote walivuta mpira, alihesabu. Wa mwisho alikuwa inspekta. Alishika chupa moja, akavuta mpira mara mbili, kama mtoto.

"Madame, hii akili ya chupa uliitoa wapi?"

Angeweza kusema ameifikiria mwenyewe. Nani angejua? Mathieu alikuwa ameinamia daftari lake, na haikuonekana kwamba angefungua mdomo. Émérence alisimama.

"Niliipata ku internet, Inspekta, na niliipoteza juu ya ujinga yangu. Maître Mathieu njo aliichunga. Aliniomba mbele ya bote tugawane, na minye nikamukatalia. Leo ningekuwa bila somo. Ninamuomba pardon hapa, mbele ya balebale bantu."

Mathieu aliinua kichwa. Alikuwa na haya kuliko yeye. Alisema hakuna neno, na kwamba ile ya mabikira kumi ilimchekesha hata yeye, ila alichekea nyumbani. Darasa zima la walimu likacheka, na safari hii Émérence alicheka nao.

Inspekta aliandika muda mrefu. Kisha akafunga daftari. "Mwaka jana nilisema ulifundisha tableau," alisema. "Leo batoto balifundishwa." Direkta hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimsubiri Émérence mlangoni akamwambia: "Madame, unaendelea na bale batoto yako mpaka examen." Émérence aliitika vizuri kabisa, akatembea vizuri mpaka nyuma ya choo cha shule, na pale akacheza peke yake kwa furaha.

Jumamosi walimu tisa walikutana nyumbani kwa Suzanne. Wanne hawakuwa na simu za intaneti, wakakaa na wenye nazo, wawili wawili. Mathieu alionyesha jinsi ya kufungua jina lako na neno la siri. Suzanne alisimamia vibandiko kama alivyosimamia vitabu, na ole wake aliyebuni neno lake mwenyewe. Émérence aliweka kurasa kumi na moja siku hiyo, zile alizoweza kuzipata tena. Kila mmoja aliusoma kwanza mpaka chini. Kwenye ukurasa wa chupa aliongeza kibandiko "mapafu", na maneno haya: "Mpira wa chini, tumia wa baiskeli. Puto linapasuka." Mwezi uliofuata mwalimu mmoja wa Kapolowe, mtu asiyemjua kabisa, aliandika pale kwamba amejaribu na imefanya kazi, akaacha na ukurasa wake juu ya mbegu. Darasa la sita walipanda maharagwe kwa ukurasa huo.

Shalom ndiye sasa anayenyunyiza maji kabla ya darasa kufagiwa. Hakuna aliyemtuma.

Na juzi jioni umeme ulikatika tena Kikula. Familia ilikuwa imekaa kula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Simu ilikuwa juu ya kabati, na betri yake ilikuwa ikilia, mara moja, mara mbili. Jaël aliruka kama alivyozoea, akasema mama, telefone inazimika, niikimbize kwa Ricky? Godefroid naye aliacha tonge mkononi, akimtazama mkewe.

Simu ikazimika.

"Iache ikufe," Émérence alisema, akamsogezea Jaël sahani ya sombe. "Tukule kwanza."